Mahindi ya GMO: jirani yangu yuko Kenya mimi niko Rombo, chavua ikivuka nani anawajibika?

Mkulima_Rombo:
Wakuu habari za leo. Nalima mahindi huku Rombo, shamba langu na la shemeji yangu wa upande wa Kenya yanatenganishwa na kinjia cha ng'ombe tu. Tangu 2022 Kenya waliposema wameondoa marufuku ya GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba maabara, sina amani kabisa, maana huku kwetu hata majaribio ya mahindi ya GMO pale Makutupora, Dodoma, yalisimamishwa 2018 na mazao yakaharibiwa. Mahindi yakichanua chavua inaruka na upepo, na mimi mbegu najiwekea mwenyewe. Ikichanganyika nani ananilipa? Jumuiya ya Afrika Mashariki wana makubaliano yoyote au kila nchi kivyake?

Wa_Loitokitok:
Pole ndugu, lakini punguza wasiwasi kidogo. Huku mahindi ya GMO hayajafika dukani, kilichoruhusiwa kulimwa kibiashara ni pamba ya Bt, ile iliyowekewa vinasaba vya kujikinga na wadudu, na hiyo ilipitishwa mwisho wa 2019. Marufuku ya 2012 iliondolewa Oktoba 2022 ni kweli, ila watu wakaenda kortini na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uingizaji na upandaji wakati kesi inaendelea. Shemeji yako akinunua ile mbegu ya pakiti ni chotara tu, yaani aina mbili za mahindi zilizochavushwa kwa njia ya kawaida, na chotara si GMO, hapo watu wengi wanachanganya.

Mama_Mbegu:
Mkuu swali lako zuri sana na linaniuma, ngoja nijibu kwa urefu. Sheria moja ya GMO inayobana nchi zote za Jumuiya hakuna. Kuna Itifaki ya Cartagena ya mwaka 2000, mkataba wa kimataifa wa usalama wa GMO, Kenya ndo ilikuwa ya kwanza duniani kuisaini, Tanzania nayo ni mwanachama. Inasema nchi ikiruhusu zao la GMO litumike ndani na linaweza kuuzwa nje kama chakula, itoe taarifa ndani ya siku 15, na kiumbe kikivuka mpaka kwa bahati mbaya kikaweza kuleta madhara, jirani aambiwe. Lakini kuambiwa sio kulipwa. Fidia iko kwenye itifaki ya nyongeza ya 2010, iliyoanza kazi 2018 kwa nchi zilizoridhia tu. Kanuni zetu za Tanzania za 2009 zilikuwa kali, mwenye GMO analipa hata kama hakuzembea, 2015 zikalegezwa ikawa lazima uthibitishe kosa. Sasa wewe mkulima wa ekari mbili utathibitishaje kosa la mtu aliye ng'ambo?

Halafu kuna hili watu hawaliangalii. COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, walipitisha sera ya pamoja ya GMO 2014, Tanzania tulishatoka 2000. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wana miongozo yao tangu 2003, Kenya haimo. Kwa hiyo kwa jumuiya za kiuchumi za kanda, sisi na Kenya tunakutana kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki peke yake, na ndo hapo hapo pasipo na sheria ya GMO.

Boda_Mutukula:
Uganda pia si rahisi. Bunge lilipitisha muswada wa GMO 2017 rais akaurudisha, wakapitisha tena 2018 akakataa tena kusaini. Ndizi na mihogo ya GMO imekaa kwenye vituo vya utafiti Kawanda na Namulonge miaka yote hiyo.

Mzee_wa_Ghala:
Mwaka 2002 kwenye ile njaa ya kusini mwa Afrika, Zambia walikataa kabisa mahindi ya msaada ya GMO, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe wakapokea yaliyosagwa. Unga hauoti. Kitu kidogo kama hicho, kusaga kabla ya kuvusha, nchi zetu zingeweza kukubaliana hata kesho, pamoja na kupima kwa njia moja, majibu ya maabara ya upande mmoja yakubalike na upande wa pili, maana nafaka inayopita njia za panya hakuna anayeijua.

Mama_Mbegu:
Na mkuu kwa sasa jilinde hivi: wazalishaji wa mbegu huacha kama mita 200 kati ya shamba na shamba. Huna nafasi hiyo, basi pishaneni kupanda wiki tatu au nne ili yasichanue pamoja, na mbegu chagua katikati ya shamba, sio pembeni.

Mkulima_Rombo:
Asanteni sana wakuu, Mama_Mbegu Mungu akubariki. Jumapili nakaa na shemeji tupange, masika yeye atangulie mimi nifuate. Ila mvua zetu fupi siku hizi, nikichelewa wiki nne nipande aina gani inayowahi kukomaa?