Meredith Gourdine: mruka chini aliyekuwa mhandisi

Mdadisi: Wakuu, huyu Gourdine wa kuruka chini (long jump) kwenye Olimpiki ya Helsinki 1952 alikosaje dhahabu? Na umeme wake wa gesi ulifanyaje kazi?

Kipimapembe: Jerome Biffle aliruka mita 7.57, Gourdine 7.53. Sentimita nne tu! Chuoni Cornell alikimbia pia mbio fupi na kuruka viunzi, na kabla ya hapo alikuwa muogeleaji hodari. Shahada ya uzamivu alipata Caltech (chuo cha teknolojia cha California), 1960.

Fundi_Volti: Mkuu, kuhusu umeme: sindano yenye volti nyingi hutoa ioni (chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme) kwenye gesi inayopita kwa kasi. Ioni tupu hazifai, ni nyepesi mno, uga wa umeme (nguvu ya umeme iliyopo eneo hilo) huzirudisha nyuma. Ndiyo maana unaweka matone madogo sana au vumbi. Chaji hung'ang'ania hapo, na gesi huisukuma dhidi ya uga hadi kwenye kikusanyaji. Nguvu ya mwendo wa gesi inakuwa umeme.

Shida ni kwamba hewa ya kawaida hupasuka kwa cheche kwenye takriban volti 3,000 kwa milimita, kwa hiyo huwezi kurundika chaji upendavyo. Unapata volti nyingi, mkondo kiduchu.

Mdadisi: Kwa hiyo haikufaa kitu?

Fundi_Volti: Ilifaa, ila si kuwasha miji. Chembe ikishachajiwa, unaiongoza unakotaka: moshi unanaswa, rangi ya kupulizia inashika chuma. Gourdine alianzisha kampuni ya Gourdine Systems mwaka 1964, na hata alipopofuka kwa kisukari aliendelea kubuni.