Sheria ya Gharama za Uchaguzi inamkaba mwenye spika ya kukodi, wenye mabilioni inawapigia saluti

Wakuu, salaam.

Nimevumilia vya kutosha. Kampeni za uchaguzi mkuu zimeanza tangu Agosti 28, 2025, mji mzima umepakwa rangi moja, nguzo za umeme zimegeuka mbao za matangazo, kila fuso linalopita limebeba watu waliovishwa kofia na fulana mpya. Nchi hii hii, Tanzania, ina Sheria ya Gharama za Uchaguzi, Na. 6 ya mwaka 2010. Rais Kikwete aliisaini hadharani pale Ikulu Machi 2010, watu wakapiga makofi, tukaambiwa sasa ubunge hautanunuliwa tena kama nyanya.

Swali langu ni moja, na naomba msilizungushe. Nani humu ndani, awe mwanasheria, mwandishi, diwani, chawa, yeyote yule, amewahi kuishika mkononi taarifa ya matumizi ya chama chochote kikubwa kwa uchaguzi wa 2010, 2015 au 2020? Sisemi kusikia kwamba ipo. Nasema kuishika, ukasoma, ukaona walinunua kofia ngapi, kwa nani, na hela ilitoka kwa nani.

Maana sheria inasema mambo mazito kweli, ukiisoma unaweza kulia kwa furaha. Inataka kuwe na ukomo wa gharama kwa mgombea na kwa chama. Inataka mgombea akabidhi hesabu zake kwa chama ndani ya siku 60 baada ya kupiga kura, na chama kipeleke zake kwa Msajili wa Vyama vya Siasa ndani ya siku 180. Inataka chama kimwonyeshe Msajili michango inayozidi shilingi milioni 1 kwa mtu binafsi na milioni 2 kwa taasisi. Pesa ya nje ya nchi ndiyo kabisa, ndani ya siku 90 kabla ya uchaguzi mkuu haiguswi. Hapo sheria ni simba. Lakini pesa ya mkandarasi wa hapa hapa anayesubiri tenda, hiyo ikimwagwa jukwaani inaitwa uzalendo.

Sasa twende ukumbi wa Mlimani City, Dar es Salaam, Agosti 12. CCM, chama tawala, wameita harambee, lengo bilioni 100. Ndani ya jioni moja zikapatikana zaidi ya bilioni 80, ahadi zikiwemo. Sina shida na chama kuchangisha wanachama wake, ni haki yao, na afadhali hiyo ya mchana kweupe kuliko bahasha za usiku. Shida yangu inaanzia pale watu walipopiga picha wakaondoka. Hizo bilioni ni za nani na nani? Yule aliyetoa pesa ndefu anafanya biashara gani na serikali? Kila aliyezidisha milioni 1 anatakiwa awe kwenye karatasi iliyo mezani kwa Msajili. Sawa, na mimi mwenye kura meza hiyo naifikiaje?

Halafu tazameni nani anasimamia. Ukomo wa gharama unapangwa na Waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Waziri anateuliwa na Rais. Msajili anateuliwa na Rais. Rais ni mwenyekiti wa chama kimojawapo kati ya vinavyoshindana, na mara nyingi, kama mwaka huu, ndiye mgombea wake. Yaani nahodha wa timu moja ndiye anayemteua refa, na uwanja nao ni mali ya timu hiyo hiyo. Hapo kwenye uwanja wala sitanii: CCM Kirumba Mwanza, Sokoine Mbeya, Sheikh Amri Abeid Arusha, Ali Hassan Mwinyi Tabora, vyote ni vya chama. Enzi za chama kimoja wazee wetu walichangishwa hela na nguvu zao, wengine hata siasa hawazijui, wakiamini wanajenga uwanja wa mkoa. Vyama vingi vikarudi 1992, uwanja ukabaki na mwenyewe. Mapato yake yanaingia kwenye kampeni kwa kiasi gani? Hilo nalo lilipaswa kuwa kwenye hesabu.

Wakuu, sheria hii naijua kwa chini kabisa, pale inapouma. Uchaguzi wa 2020 nilikuwa mweka hazina wa mgombea udiwani kupitia chama kidogo, sikitaji, kimeshanichosha. Bajeti yetu yote haikufika hata milioni 2. Spika tulikodi kwa fundi mmoja anayepigia harusi, usafiri ni boda mbili, chakula cha mawakala tulichukua kwa mama ntilie. Siku ya kufunga hesabu naambiwa kila matumizi yawe na risiti. Fundi spika hana mashine ya EFD ya kutolea risiti, alinichania karatasi ya daftari la hesabu akaandika "nimepokea spika 2 jenereta 1" akaweka na dole gumba kwa wino wa bluu. Mama ntilie alicheka tu. "Mwanangu, mimi sukari yenyewe nakopa, risiti nitoe wapi?" Boda mmoja alitaka nimlipe kwanza ndiyo asaini. Nikajaza fomu, nikabandika vile vikaratasi kwa gundi, nikapeleka. Zikarudishwa kutoka juu ya chama chetu kwamba hazikidhi, tusije tukaadhibiwa. Nikaanza upya kufukuzana na watu saini mpaka nikagombana na jirani.

Wakati huo kwenye kata hiyo hiyo, mpinzani wetu alikuwa na canter tatu, kikundi cha ngoma, msanii kutoka mjini, kanga kwa kina mama, na vijana wa hamasa waliokuwa wakipokea buku tano tano kila jioni nyuma ya ofisi ya chama, sote tunaona. Je, dole gumba lao liko wapi? Waliandika risiti ya buku tano tano? Mgombea wetu alishindwa, na nakubali, huenda angeshindwa tu hata kama tungekuwa na hela. Kinachoniuma ni kwamba mimi wa spika mbili ndiye niliyetetemeka, na mwenye canter tatu alikuwa anasinzia.

Na msisahau pesa kubwa inatembea kabla hata kampeni hazijafunguliwa, kwenye kura za maoni, pale vyama vinapochuja wagombea wao. Mwaka huu fomu ya ubunge ndani ya CCM ilikuwa laki tano, na waliochukua ni maelfu kwa majimbo 272. Hiyo ni fomu tu. Bado "nauli" za wajumbe wanaopiga kura hizo, bado "maji", bado soda. Ule msemo wa 2020 kwamba wajumbe si watu haukuzuka hewani, ulitoka kwa watu waliogawa bahasha wakaishia na kura tatu. TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, hutoa onyo kila msimu, hukamata mmoja wawili, tunasahau. Sheria ya 2010 inayagusa mambo ya uteuzi ndani ya vyama, kwa hiyo tusidanganyane kwamba hayo ni ya chama na hayatuhusu. Mshindi wa kura za maoni kwenye majimbo mengi ndiye mbunge tayari.

Vijana wa sasa hawajui kwamba kuna wakati hongo ilihalalishwa kabisa kwa maandishi. Mwaka 2000 Bunge liliingiza kwenye Sheria ya Uchaguzi kitu kinaitwa takrima, yaani mgombea kuwapa watu vyakula na vinywaji ikahesabiwa kuwa ni ukarimu wa jadi. Ilibidi Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) na wenzao waende Mahakama Kuu, na Aprili 2006 majaji watatu wakaifuta kwa kuwa inakiuka Katiba, inambagua mgombea asiye na kitu. Hukumu safi sana ile. Sasa niambieni, miaka 19 baadaye, pilau zimepungua? Zimehama tu, siku hizi zinakuja kama futari, kama "kikao cha ndani", kama mtungi wa gesi. Mzee Hashim Rungwe, mgombea urais, yeye alitangaza ubwabwa wake wazi wazi 2020, ukawa kichekesho cha taifa na mjadala wa rushwa. Wanaopika kimya kimya hawakujadiliwa.

Ruzuku nayo. Sheria ya Vyama vya Siasa inasema Serikali itoe ruzuku kwa vyama, na mgawo unafuata idadi ya majimbo na kura. Kwa hiyo ukizoa karibu majimbo yote kama ilivyokuwa 2020, umezoa na ruzuku ya miaka mitano, ambayo ndiyo unaingilia nayo uchaguzi unaofuata. Ni hela yetu hiyo, kodi ya mkaa na vocha. Oktoba 2013 Zitto Kabwe akiwa mwenyekiti wa PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, alisema vyama tisa vimekula ruzuku ya bilioni 67.7 kwa miaka minne bila hesabu kukaguliwa ipasavyo. Tisa! CCM, CHADEMA, CUF, wote humo. Kwa hiyo wale wanaojiandaa kuandika "CHADEMA oyee" chini ya uzi huu wapumzike kwanza. Kwenye kuficha mahesabu vyama vyetu ni ndugu wa tumbo moja.

Ila ukali wa Msajili mnauonaje? Mei mwaka huu ofisi yake ilisitisha ruzuku ya CHADEMA, hoja ikiwa akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa, ya kikao cha Baraza Kuu cha Januari. Sitaki kuingia kwenye ubishi wa akidi, wana kesi zao na mawakili wao. Nachosema ni kwamba kumbe ofisi inao uwezo wa kuhesabu viti vya kikao kimoja, kimoja baada ya kingine, na kufunga bomba la hela ikitaka. Basi ihesabu na mabango. Ihesabu helikopta. Pale Mlimani City ilikuwa na muda wa kutosha wa kuhesabu.

Najua kuna mjuaji atakuja na "nenda Kenya ukaone". Naam, Kenya ni vituko. Walitunga sheria yao ya fedha za kampeni 2013, wabunge wakaiahirisha isitumike 2017, na 2021 tume yao ya uchaguzi chini ya Chebukati ilipotangaza ukomo wa shilingi bilioni 4.4 za kwao kwa mgombea urais, wabunge wakazikataa kanuni na tume ikafuta tangazo lake. Kwa hiyo wao hawana ukomo na wanajua hawana. Sisi tunao, umeandikwa vizuri, una na nembo ya Taifa, halafu kila mtu anajifanya unafanya kazi. Mimi bora wa Kenya aliyekataa mbele ya kamera.

Wengine mtasema tatizo ni wananchi wenyewe, wanapenda vya bure. Hapana bwana. Mama wa watu ana watoto wanne, unampa kanga na elfu kumi, unataka akurushie usoni? Ataipokea na atafanya vizuri. Mwenye kosa kubwa ni aliyetoa, na aliyeajiriwa kumkamata mtoaji.

Mwaka jana walizipitia tena sheria hizi, Sheria Na. 3 ya 2024, wakafanya marekebisho kwenye vyama vya siasa na kwenye gharama za uchaguzi. Nafasi ilikuwepo ya kuandika mstari mmoja tu: Msajili ataweka hesabu zote za vyama na wagombea kwenye tovuti ndani ya siku kadhaa, na mwananchi hatalipia kuzisoma. Mstari mmoja. Nchi ambayo matokeo ya darasa la saba yanabandikwa mtandaoni shule kwa shule haiwezi kushindwa kubandika PDF ya chama.

Kwa hiyo mimi naanza hivi. Kura ni Oktoba 29, 2025. Siku 180 zinaishia mwishoni mwa Aprili 2026. Ikifika Mei naandika barua kwa Msajili, kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, kuomba hesabu za vyama vyote vilivyosimamisha mgombea urais na orodha ya waliochangia kuzidi kiwango. Sheria hiyo inatoa siku 30 za kujibiwa. Rasimu ya barua ninayo tayari, ina ukurasa mmoja na nusu. Nahitaji mwanasheria mmoja humu aipitie bure, na watu wa mikoani watakaopeleka ya kwao, maana barua moja wataikalia. Mwenye nakala ya hesabu za miaka ya nyuma aiweke hapa leo hii, hata ukurasa wa kwanza tu.

Nawasilisha.