MJADALA: Mpiga besi wa "Sina Makosa" hastahili kuitwa mtunzi?

NyuziNne:
Wadau, habari za jioni. "Sina Makosa" ya Les Wanyika nimeisikia tangu mtoto, lakini besi yake nimeisikia nikiwa na miaka 19. Redio yetu nyumbani ilikuwa ile ndogo ya betri, na redio ndogo haitoi besi. Unapata waimbaji, solo na rithimu, basi. Siku moja kwenye harusi wakafunga spika kubwa za mbao, wimbo ukaanza, nikaganda na sahani ya pilau mkononi. Kumbe mle ndani kulikuwa na mtu mwingine muda wote! Besi inasema maneno mawili matatu, inanyamaza, inaipisha rithimu, halafu inarudi mahali usipoitegemea. Mwezi haukuisha nikawa natafuta gita la nyuzi nne.

Yule mtu ni Tom Malanga. Baada yake nikaanza kufukua wengine. James Jamerson wa Motown, ile kampuni ya santuri ya Detroit, Marekani, alikuwa anapiga kwa kidole kimoja tu cha shahada, na nyuzi habadilishi mpaka ikatike. Bakithi Kumalo wa Afrika Kusini, besi isiyo na freti (vile vyuma vya kwenye shingo ya gita) kwenye "Graceland" ya Paul Simon. Kile kipande chake kifupi kwenye "You Can Call Me Al", nusu ya pili ni ile ya kwanza imerudishwa kinyumenyume studio. Family Man Barrett wa The Wailers, ambaye ukimtoa yeye reggae ya Bob Marley inabaki mashairi.

Sasa swali langu. Toa besi kwenye "Sina Makosa", kinachobaki ni wimbo ule ule? Kama siyo, kwa nini mpiga besi anahesabiwa fundi wa kukodi, amelipwa siku ile studio, kwaheri? Mimi nasema aliyeibuni ile besi ametunga. Kwangu hiki ndicho kibao bora cha Kenya cha wakati wote, na aliyeibeba nyuma watu hawamjui hata jina.

Mwana_wa_Chumbageni:
Umeandika vizuri mpaka ukafika "kibao cha Kenya". Ndugu yangu, hapo umeniumiza. Wanyika wametoka Tanga. Kina Wilson Kinyonga na mdogo wake George walikuwa Jamhuri Jazz hapa hapa Tanga, wakapita Arusha, ndiyo wakafika Nairobi mwaka 1971. Hao ndio Simba Wanyika, na Les Wanyika ni mtoto wa Simba Wanyika. John Ngereza, mwimbaji wao, Mtanzania. Kiswahili cha kwetu. Kenya imeingiaje?

Mto_Nzoia:
Kenya imeingia kwa sababu bendi ilizaliwa Nairobi mwaka 1978, ikarekodi Nairobi, ikapiga Nairobi, na walionunua santuri kwanza ni sisi. Baba yangu alikuwa anatoka Kitale kwa basi kwenda kuwaona. Mtu akizaliwa kwako akaenda kujenga kwa jirani, nyumba ni ya nani?

Mwana_wa_Chumbageni:
Nyumba ni ya aliyeijenga. Aliyeuza kiwanja ameshalipwa chake.

HakiShiriki:
Nirudi kwenye swali kabla halijapotea. Sheria inatenganisha vitu viwili. Mtunzi ana hakimiliki. Mpigaji ana hakishiriki, yaani haki juu ya upigaji wake uliorekodiwa. Tanzania iko kwenye sheria ya 1999, ndiyo iliyoleta COSOTA, chombo cha hakimiliki cha Tanzania. Kenya wapigaji walipata chama chao, PRISK, mbali na kile cha watunzi. Kwa hiyo mpiga besi hayuko mikono mitupu kabisa. Tatizo ni kwamba ili alipwe lazima ijulikane ni yeye aliyepiga, na bendi zetu hazikuandika.

Kuhusu mpigaji kuhesabiwa mtunzi, Uingereza ziko kesi mbili za kusoma pamoja. Family Man alikwenda mahakamani London akidai mamilioni kwa kazi yake na Bob, mwaka 2006 akashindwa. Mwaka huo huo, mpiga kinanda wa "A Whiter Shade of Pale", Matthew Fisher, akashinda.

Kijana_wa_Makongeni:
Huyo Fisher nakumbuka alipewa nusu ya wimbo. Na Family Man alishindwa kwa sababu ni Mjamaika, tusidanganyane.

HakiShiriki:
Si nusu, ni asilimia 40, na fungu hilo alinyang'anywa kwenye rufaa kabla ya kurudishiwa mwaka 2009. Family Man alikwishapokea malipo ya makubaliano mwaka 1994, na makubaliano hayo ndiyo yaliyomfunga. Soma kwanza, kaka.

Kijana_wa_Makongeni:
Nisome nini? Mtu amepiga besi ya bendi kubwa kuliko zote za reggae, amefariki 2024, na wewe unaniambia makubaliano. Wewe ndiye unayewatungia matajiri hizo karatasi.

HakiShiriki:
Mimi nimewaandikia wanamuziki mikataba bure, kwenye meza za mbao nyuma ya ukumbi, saa nane usiku, kwa tochi ya simu. Usinijue kwa maneno matatu.

Mto_Nzoia:
Mwana wa Chumbageni, hujanijibu. Kama Wanyika walikuwa wenu, kwa nini hamkuwaweka? Tanzania mtu alikuwa anarekodi Redio Tanzania, mkanda unabaki kabatini kwa Redio Tanzania. Nairobi ndiko kulikuwa na kampuni za santuri na kiwanda cha kuzichapa. Bila Nairobi hata wewe usingeijua "Sina Makosa".

Mwana_wa_Chumbageni:
Hapo unataka nikasirike, na nimekasirika. Hiyo mikanda ya Redio Tanzania ndiyo imetuhifadhia Sikinde, Msondo, Marijani, Mbaraka. Nyinyi mliowaweka mliwaweka vipi? Miaka ya themanini wanamuziki wa kigeni Nairobi walisumbuliwa na vibali vya kazi mpaka bendi zikasambaratika. Leo ni "wetu", jana alikuwa "mgeni".

Mto_Nzoia:
La vibali ni kweli. Sina la kulitetea. Lakini serikali siyo wasikilizaji.

Nyuzi_za_Goma:
Wandugu, mimi niko Goma, mniruhusu. Mnabishana juu ya rumba utafikiri ilianzia Tanga au Nairobi. NyuziNne, orodha yako ya besi haina Mkongo hata mmoja! Decca Mpudi na Flavien Makabi wa OK Jazz uliwaacha wapi? Ngouma Lokito wa Soukous Stars je? Sikiliza sebene, ile sehemu ya kucheza, likifunguka, wote mnaangalia solo, kumbe aliyewainua kwenye viti ni Lokito. Besi yake haikai chini kusindikiza wengine. Inaruka, inagonga, inauliza swali na kujijibu. Umenivunja moyo, kweli.

NyuziNne:
Kaka wa Goma, nakuomba radhi, na umenipa kazi ya wiki nzima. Lokito namjua na nilipaswa kumtaja. Nadhani sababu ni kwamba besi yake sijawahi kuiweza. Kidole gumba na cha shahada vinafanya kazi mbili tofauti, mkono wa kushoto nao unazimisha uzi kabla haujamaliza kulia. Ya Malanga nimeiweza kwa sababu ina nafasi. Lakini nafasi hizo ndizo ngumu. Miezi minne nilikuwa napiga noti zote sawasawa na bado haisikiki kama yeye, mpaka mzee mmoja akanishika kiganja akanilaza vidole juu ya nyuzi: "Nyamaza hapa. Hapa pia. Sasa piga."

Wadau, tuachane na pasipoti. Nimeuliza kama mpiga besi ametunga.

DadaBesi_Kwaya:
Mimi napiga besi kanisani mwaka wa tisa, na jibu langu ni ndiyo. Mtunzi wetu analeta wimbo akiwa ameurekodi kwenye simu, anaimba peke yake. Gita hakuna, besi hakuna. Ninakaa nao nyumbani usiku watoto wakilala, natafuta njia ya kutoka ubeti kwenda kiitikio. Juzi tulirekodi. Kwenye video wameandika mtunzi, mwalimu, mpiga picha, aliyetuvalisha, mpaka gari lililotubeba. Mimi sipo. Nilipouliza nikaambiwa, "Dada, wewe si unasindikiza tu?" Sijalala vizuri toka siku hiyo.

Mwana_wa_Chumbageni:
Pole sana dada. Hiyo si haki.

Kijana_wa_Makongeni:
Pole. Lakini makanisa mengi siku hizi besi inapigwa kwenye kinanda kwa mkono wa kushoto, huyo naye ni mpiga besi? Ndiye atakayedai utunzi?

DadaBesi_Kwaya:
Nimeeleza kilichonipata, wewe umeona kinanda tu. Aliyeibuni ile njia ndiye mwenye haki, awe ameipigia kwenye kinanda, gita au mdomo.

HakiShiriki:
Dada, ushauri wa bure. Kabla ya kurekodi tena, karatasi moja: jina la wimbo, tarehe, nani amepiga nini, sahihi za wote. Jamerson alipiga vibao vya Motown miaka ya sitini jalada halimtaji. Jina lake lilitokea kwenye albamu ya Marvin Gaye mwaka 1971. Miaka zaidi ya kumi ya kazi.

NyuziNne:
Na alifariki 1983, miezi michache baada ya sherehe ya Motown kutimiza miaka 25. Aliingia kwa tiketi ya kununua, akakaa na watazamaji. Kila nikilifikiria hilo naliweka gita chini.

Mwana_wa_Chumbageni:
Hilo limenifanya niinuke kwenye kiti. Nimekwenda chumbani kwa marehemu baba, nimetoa santuri zake zote kwenye sanduku, zile ndogo, 11. Nimezipangusa na kusoma lebo moja moja kwa taa ya simu. Jina la bendi lipo, jina la wimbo lipo, mtunzi yupo. Mpiga besi hayupo hata kwenye moja.

Mto_Nzoia:
Zimechapwa wapi?

Mwana_wa_Chumbageni:
Nairobi. Usianze.