Naomba ushauri: damu ya baba ni nzito, tuanze na kipimo gani?

Baba yangu ana miaka 61, anaishi na kisukari cha aina ya pili pamoja na shinikizo la damu, na kipimo cha karibuni kimeonyesha hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ya asilimia 53, kiwango ambacho daktari alisema kinaifanya damu kuwa nzito. Ninaelewa kwamba uzito huo hutegemea wingi wa chembe nyekundu, protini kama fibrinojeni (inayosaidia damu kuganda), na wepesi wa chembe kujikunja zinapopenya mishipa midogo kabisa. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, chembe hukakamaa na damu hupita kwa shida. Jambo hili linanitia hofu kwa sababu linahusishwa na mshtuko wa moyo na kiharusi.

Je, kuna haja ya kupima uzito wa damu wenyewe, au hematokriti, fibrinojeni na HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu) vinatosha kumwongoza daktari? Tunaishi Mbeya, mahali palipoinuka, na mzee huvuta sigara na hukoroma sana usiku, jambo linaloweza kuwa dalili ya pumzi kukatika usingizini. Yote matatu yanaweza kuongeza chembe nyekundu, hivyo sijui lipi lichunguzwe kwanza.

Ndugu wengine wanamhimiza ameze aspirini kila siku, ilhali dawa hiyo huzuia chembe sahani (chembe ndogo za kugandisha damu) zisishikamane lakini haipunguzi hematokriti, tena inaweza kusababisha kutokwa na damu tumboni. Aliyewahi kuuguza mgonjwa wa namna hii, au mtaalamu wa magonjwa ya damu, tafadhali anielekeze maswali ya kumuuliza daktari tutakaporudi kliniki.