Kijana wangu anaenda Tabora Boys, afungashe nini?

Mama Kijana: Habari zenu wadau. Mwanangu kapangiwa kidato cha tano Tabora Boys, anaripoti Julai. Sijawahi kupeleka mtoto bweni. Mbali na orodha ya shule, nimnunulie nini?

Mhitimu PCM: Hongera sana mama! Ndiko alikosoma Mwalimu Nyerere. Mnunulie kufuli imara la tranka na ndoo yenye mfuniko. Jina aandike kwa rangi ya mafuta. La kalamu linafutika, na ndoo zote zinafanana. Blanketi zito pia, usiku kuna baridi.

Kaka wa Bweni: Naunga mkono. Na wakati wa prepo, yaani kujisomea jioni, asijifungie peke yake. Apate mapema wenzake wa kujadiliana hesabu, wiki ya kwanza kabisa.

Mama Kijana: Mbarikiwe wanangu. Kesho naenda sokoni.