Zaka ya mshahara wangu na matunzo ya mama: mume wangu amekataa

MamaPacha ameuliza:

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Huwa nasoma tu mijadala yenu bila kuchangia, lakini leo naandika kwa sababu maji yamenifika shingoni.

Mama yangu mzazi alipata kiharusi. Upande wa kulia wote hauna nguvu na maneno yanamtoka nusunusu. Ni mjane, anaishi na kaka yangu ambaye hajaoa na anashinda kazini. Ikabidi tumtafute msaidizi wa kumlipa ashinde naye mchana, amgeuze kitandani, amwogeshe, amnyooshe mkono na mguu kama alivyoelekezwa hospitali. Kaka analipa nusu. Nusu yangu, nikiipigia hesabu, inalingana karibu sawasawa na fungu la kumi la mshahara wangu. Sikupanga iwe hivyo, imetokea tu, na ndiyo imenitia majaribuni.

Mume wangu ni mtunza hazina kanisani kwetu. Ni mtu mwaminifu sana, naomba asisemwe vibaya hapa. Tangu tuoane bahasha za zaka anaziandaa yeye, yake na yangu, siku ileile mshahara unapoingia, kabla hatujagusa kodi ya nyumba wala ada za watoto. Nilipomwomba zaka yangu iende kwa mama, angalau mpaka aweze kusimama, aliweka kalamu chini akanijibu neno moja: "Malaki." Basi. Nilielewa, maana katika kitabu hicho cha nabii kutotoa zaka kunaitwa kumwibia Mungu. Tangu siku hiyo tunazungumza habari za watoto tu.

Mtaniuliza akiba iko wapi. Ilikwenda kwenye operesheni ya nyonga ya baba mkwe. Sikunung'unika, na ningeitoa tena, baba mkwe ni mzee wa watu. Ila ile iliitwa dharura ya familia. Hii ya mama imekuwa jaribu la imani.

Nauliza mambo mawili. Je, ni dhambi zaka kwenda kumtunza mzazi? Na je, ushauri niliopewa na dada mmoja wa kikundi cha maombi, kwamba nipunguze kimyakimya ndani ya bahasha, unafaa? (Mume wangu ndiye anayezihesabu bahasha hizo. Sijui dada yangu alifikiriaje.)

Mlinzi_wa_Lango amejibu:

Dada, pole na mama. Ila nitakuambia ukweli hata kama ni mchungu. Fungu la kumi si lako mpaka uamue liende wapi. Matunzo ya mzazi yatoke kwenye yale mafungu tisa uliyobakishiwa. Yesu mwenyewe katika Mathayo 23:23 aliwakemea waliotoa zaka ya mnanaa, bizari na jira huku wakiacha adili, rehema na imani, lakini hakuwaambia waache zaka. Alisema haya iliwapasa kuyafanya, na yale mengine wasiyaache. Yote mawili! Soma pia Nehemia 13 uone nyumba ya Mungu ilivyoachwa watu walipokata kutoa: Walawi na waimbaji walikimbilia mashambani kwao. Mume wako amesimama vizuri kama kichwa cha nyumba. Mtii, na Mungu atafungua mlango mwingine.

Bibi_Loisi amejibu:

Mwanangu MamaPacha, marahaba hata kama hujaniamkia, maana kwa uandishi wako nakuona uko rika la kifungua mimba wangu.

Nimekuwa mke wa mchungaji mpaka Bwana alipomtwaa mzee wangu, kwa hiyo habari za bahasha nazijua kutoka upande wa pili. Sisi tulikula kutoka humo. Nakuambia haya usije ukadhani naidharau zaka. Aliyosema Mlinzi kuhusu Nehemia ni kweli kabisa, na mchungaji wako naye ana mama.

Lakini fungua Marko 7, anzia mstari wa 9. Walikuwapo watu waliomwambia mzazi wao hivi: kile ambacho ungesaidiwa nacho nimekwisha kukiweka wakfu kwa Mungu, ni Korbani. Na walimu wao wakawaunga mkono, wasimtendee tena baba wala mama neno lolote. Ukisikia haraka haraka, hao ndio watu wa kutolewa mfano kanisani, wamempa Mungu kwanza! Yesu akawaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Na amri aliyowashitaki nayo ni ile ya kumheshimu baba na mama. Kwake yeye amri hiyo iliingia mpaka mfukoni.

Tena Malaki asisomwe mstari mmoja. Mistari mitano tu kabla ya ule wa kuleta zaka ghalani, Mungu anasema atakuwa shahidi mwepesi juu ya wanaomwonea mwajiriwa katika ujira wake, na mjane, na yatima. Halafu uliza, ghala lile lilimlisha nani? Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inasema kila mwaka wa tatu fungu la kumi liwekwe ndani ya malango, waje wale Mlawi asiye na urithi, na mgeni, na yatima, na mjane. Mjane, mwanangu. Mama yako yumo kwenye orodha.

Na Paulo katika 1 Timotheo 5 amepanga nani aanze. Mstari wa 4, watoto na wajukuu wajifunze kwanza kutenda yaliyo mema nyumbani kwao na kuwalipa wazazi. Mstari wa 16 ni kana kwamba alikuwa anakuandikia wewe: mwanamke aaminiye mwenye wajane awasaidie mwenyewe, kanisa lisilemewe, lipate kuwasaidia wajane wasio na mtu. Ule wa 8, kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, mnaujua wote.

Haya nimekuandikia wewe, moyo wako utulie. Usimpelekee yeye. Mkianza kurushiana mistari mtachoka, na mtunza hazina anaijua Malaki kukuzidi.

Maana nimeusoma ujumbe wako mara ya pili, na kinachokuuma nakiona kwenye akiba. Baba mkwe alipoumia mliamua wawili. Mama yako alipoanguka ameamua mmoja, kwa neno moja. Hilo ndilo la kuongea naye, usiku watoto wamelala, bila kulia kama utaweza. Na Mlinzi, baba, kabla ya "wake, watiini waume zenu" katika Waefeso 5:22 kuna mstari wa 21 unaosema watu wanyenyekeane. Watu wengi huruka.

Jambo la mwisho. Mume wako aende akashinde na mama siku msaidizi anapumzika. Mtu asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila saa mbili, la sivyo anachubuka na kutoka vidonda vya kulalia. Nilimfanyia mzee wangu, nakijua kiuno kinavyosema jioni. Sisemi aende kama adhabu. Aende kama mwana.

Mpita_Njia2 amejibu:

Mimi naona kimyakimya si vibaya. Abigaili alipakia mikate na divai na kondoo akampelekea Daudi bila kumwambia mumewe Nabali, na aliokoa nyumba nzima. Tena Biblia inamsifu.

Bibi_Loisi amejibu:

Mpita Njia, endelea kusoma, 1 Samweli 25 haijaishia hapo. Usiku ule hakumwambia kwa sababu Nabali alikuwa amelewa sana. Kulipopambazuka, divai imemtoka, alimweleza yote. Na mume wa huyu dada si Nabali, ameshatuambia ni mtu mwaminifu.

Mhasibu_Mstaafu amejibu:

Nimewahi kukaa kwenye hicho kiti cha mtunza hazina, naomba niseme jambo ambalo huenda mumeo hajalisema. Ukizihesabu bahasha za wenzako, unajua nani katoa na nani hakutoa, na hao wenzako nao wanajua kwamba unajua. Sasa bahasha ya mke wako mwenyewe ikikosekana kwenye daftari, utamtazamaje mtu usoni? Inawezekana nusu ya lile "Malaki" ni hofu ya Mungu, na nusu nyingine ni hofu ya kikao. Si unafiki. Ni ubinadamu, na ukimgusa hapo kwa upole atakusikia kuliko ukimgusa kwenye mafundisho.

Pili, nyie mnabishana juu ya mstari mmoja wa bajeti. Fungueni daftari zima. Andikeni kila kinachoingia na kutoka, vyote, mpaka vocha za simu na michango ya sherehe. Mara nyingi michango ya sherehe peke yake inatisha. Yawezekana nusu ya hiyo nusu yako ikapatikana humo, na suala la zaka likabaki dogo. Ikishindikana, basi mmeshindwa mkiwa wote mnaziona namba zilezile.

Tatu, kanisa lenu halina mfuko wa wajane? Katika Matendo 6 mitume walipoletewa manung'uniko kwamba wajane fulani wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, hawakusema waombewe tu. Walichagua watu saba washughulike. Ulizeni.

MamaPacha ameandika:

Nimerudi. Ahsanteni wote, hata wewe Mlinzi, maana mume wangu amefurahi kukusoma. Ndiyo, nilimwonyesha mjadala mzima. Bibi alisema nisimpelekee mistari, lakini nilifikiri kumficha haya nako ni kupunguza ndani ya bahasha.

Alisoma mpaka mwisho akakaa kimya. Alichoniuliza si Marko 7. Aliuliza, "Ni kweli ulihisi hivyo kuhusu akiba?" Nikamwambia ndiyo. Akasema hakuwahi kuziweka hizo mbili pamoja kichwani mwake, ya baba yake na ya mama yangu. Namwamini, mume wangu ni mtu wa safu, kila kitu na safu yake.

Jumamosi alienda kwa mama peke yake. Mambo ya kumwogesha alimwachia kaka, kwa heshima ya mkwe, lakini kugeuza, kulisha na mazoezi ya mkono amefanya. Amerudi ameniletea karatasi aliyoandika saa za kumgeuza, na swali: kwa nini godoro lile halijabadilishwa? Hilo godoro mimi nimelisema tangu mwanzo, lakini acha, limesikika sasa.

Daftari tumelifungua. Mhasibu, umesema kweli kuhusu michango ya sherehe, sitataja kiasi. Tumepata karibu theluthi ya ninachohitaji. Iliyobaki ameshasema hawezi kuamua peke yake kuitoa kwenye zaka wala hawezi kuikataa peke yake, anataka tuipeleke kwa mchungaji na wazee. Hapo ndipo ninapoogopa upya, kwa sababu yeye mwenyewe ni mjumbe wa kikao hicho. Kuna aliyewahi kupita njia hii? Atakaa wapi?

Mhasibu_Mstaafu amejibu:

Jambo lako likifika, atangaze kwamba linamhusu, atoke nje, mwingine aandike kumbukumbu. Ndivyo tulivyofanya siku lilipokuja la kwangu. Na wewe usimwachie akusemee: omba uingie mwenyewe, uende na ile karatasi ya saa na hesabu ya kaka yako, ikionyesha nani analipa nini. Ombeni kwa muda maalumu, muutaje, kisha mrudi kutoa taarifa. Wazee wa kanisa huogopa sana jambo lisilo na mwisho.

Bibi_Loisi amejibu:

Na godoro linunuliwe wiki hii, kikao au hakuna kikao.