Ushauri: Meli ya kigeni inalala nje ya Msimbati taa zimezimwa, Wanamaji wetu wanaruhusiwa kuikamata?

Jarife Bovu:
Wakuu salaam. Mimi mvuvi wa Msimbati, Mtwara. Usiku tukienda kutega tunaikuta meli kubwa imesimama, taa imezima, bendera haionekani. Alfajiri inaelekea upande wa Msumbiji. Wenzangu wanataka twende na faiba (boti ya fiberglass) tukaichungulie. Wengine wanasema tukiripoti tutaonekana wazushi, eti bahari ni ya wote. Nifanyeje?

Kusi Kali:
Ya wote na nani? Wanamaji waizamishe, mchezo kwisha.

Babu wa Mikindani:
Kusi, shusha tanga kidogo. Mjukuu, swali la kwanza ni umbali. Ndani ya maili 12 za baharini, kama kilomita 22, ni maji yetu. Meli ya kigeni inaruhusiwa kupita humo, lakini ipite kweli, bila kuzubaa, kuvua wala kufanya utafiti. Ndivyo usemavyo mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1982. Kusimama kunakubalika kama ni jambo la kawaida la safari, hitilafu, dhoruba au kuokoa watu. Kulala hapo gizani bila sababu kunatosha kuifanya ikaguliwe. Kati ya maili 12 na 24 mkataba unairuhusu nchi kuzuia makosa ya forodha, kodi, uhamiaji na afya. Kuanzia maili 12 mpaka 200 samaki ni wetu, asiye na leseni anakamatwa, ila mpita njia hana kesi.

Ngalawa Mbili:
Babu kasahau la mpaka, na kwenu ndilo kubwa. Wakianza kuifukuza ikiwa upande wetu, wanaweza kuendelea nayo mpaka bahari kuu ilimradi wasikatishe. Ikiingia tu maji ya Msumbiji, yaani maili 12 zao, haki hiyo imekwisha. Kwa hiyo taarifa ya asubuhi haina maana! Piga ikiwa bado imesimama.

Kusi Kali:
Kwa hiyo wanatucheka wakivuka Ruvuma?

Ngalawa Mbili:
Wanatucheka hata mahakamani. Meli ya uvuvi Tawariq 1 ilikamatwa 2009, Magufuli akiwa waziri wa uvuvi, watu wakala "samaki wa Magufuli", halafu 2014 Mahakama ya Rufani ikafuta kesi. Kukamata ni nusu ya kazi. Jarife, andika saa, majiranukta ya GPS (namba za mahali ilipo), mwelekeo, na jina au namba kama vinasomeka kwa mbali. Peleka BMU (kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa fukwe) na Polisi Wanamaji, wao watawafikishia wa jeshi.

Babu wa Mikindani:
Na msiisogelee. Hamjui kilichomo, na nyie hamna mamlaka ya kupanda meli ya mtu. Pia huko kuna shughuli za gesi ya Mnazi Bay, huenda ina kibali.

Jarife Bovu:
Shukrani wakuu. Mtandao kule nje unakata, nitamwachia shemeji namba za polisi, tukirudi karibu na mwamba nampigia. Ile safari ya faiba nimeikataa, wamenuna.